Matroni Aliyehesabu Matonge

Viatu vyake vilifika kabla yake. Vilikuwa vyeupe, vya ngozi, vya kamba, kisigino kimelika upande mmoja, na akikanyaga sakafu ya wodi vilitoa mlio ambao sisi wa jikoni, mbali kule nyuma ya chumba cha kufulia, tuliusikia tukajua Matroni ameingia kazini. Manesi wadogo walianza kunyoosha mashuka. Mimi nilianza kufunika sufuria. Sikuwa na cha kuficha, ila mwanamke yule alikuwa na tabia ya kuonja kila kitu kwa kidole.

Namwita Matroni kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomwita miaka yote. Jina lake nalijua, lakini nikilitamka naona kama namsema mtu mwingine, mwenye mume na shamba la zabibu na wajukuu. Huyo simjui sana. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, watasema wa kwao. Mimi nina habari za yule wa wodini.

Nilikuwa mpishi wa hospitali hapa Dodoma. Nilitoka Busi, kule Kondoa, nimemfuata mume. Mume akafa, jiko likabaki. Shule yangu ni ile ya elimu ya watu wazima, ubao umeegemezwa kwenye magunia ya mtama na mwalimu mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Kwa hiyo mkiona nazunguka, nivumilieni, nitafika.

Tuanze na ugoro. Matroni alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza, na aliwakemea wagonjwa wavuta sigara mpaka wengine wakawa wanavutia nje ya uzio kama wezi. Lakini kila siku, wodi ikishatulia, alikwenda nyuma ya chumba cha kufulia na kikopo kidogo cha bati. Siku moja nikamfuma, kichwa amekiinua juu, puani kweusi.

"Mama Jiko," akasema bila kugeuka, "umeona nini?"

"Sijaona kitu, Matroni."

"Vizuri. Macho yako mazima."

Kisha akapiga chafya ambayo nadhani waliisikia mpaka chumba cha upasuaji. Tangu siku hiyo tukawa marafiki, kama mtu anaweza kuwa rafiki wa mtu anayekwambia kila siku kwamba maharage yako yana chumvi nyingi.

Alikuwa na neno lake moja: "Tutaona jioni." Nesi akiomba ruhusa, tutaona jioni. Ndugu wa mgonjwa akiuliza kama mtu wake atapona, tutaona jioni. Wengine walimwona hana moyo. Mimi nilichogundua ni kwamba jioni ikifika, yeye alikuwepo. Wengi waliokwambia kesho, kesho hukuwaona.

Sasa niseme habari ya chumba cha pembeni.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mnaikumbuka. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, watu wanapanga mawe kwenye mstari ili jiwe likushikie nafasi. Halafu mara maduka yakajaa. Mitumba ikaja kwa marobota, chipsi zikaanza kukaangwa kila kona, mabanda ya video yakafunguliwa, hata mikeka ya plastiki ilikuja ya maua. Ndiyo maana watu hawakuelewa ugonjwa ule. Jana tu tulikuwa tunatafuta chakula hakipo. Leo chakula kipo na mtoto hakitaki.

Walikuja wasichana, mmoja baada ya mwingine, si wengi, wa miaka kumi na nne, kumi na sita. Wamekauka kama kuni za kiangazi, wana vinyweleo mikononi kama vya mtoto mchanga, wanasikia baridi mchana wa jua la Dodoma. Wazazi walikuwa wameshazunguka kote: kwa waganga, kwenye maombi, kwenye kipimo cha mimba. Daktari wetu kijana, aliyesomea Dar es Salaam, alikuwa na jina la Kizungu la ugonjwa wenyewe. Nilimwomba alirudie. Akalirudia. Nikaliacha.

Wakubwa wengine walitaka wasichana hao wapelekwe kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Daktari akasema kichwa ni kweli kina sehemu yake, lakini kwanza moyo usisimame. Matroni akasema, "Nipeni chumba cha pembeni cha wodi ya wanawake. Yale magodoro mabovu yaliyomo nitayatoa mwenyewe." Akayatoa mwenyewe.

Na mmoja wa wasichana hao alikuwa wangu.

Zaituni ni binti wa mdogo wangu Issa, mkulima wa Busi. Mimi ni shangazi yake. Alikuwa kidato cha pili, mtoto wa bweni, hodari wa hesabu. Mwaka ule alifunga Ramadhani vizuri, sote tukamsifu. Ramadhani ikaisha, akaongeza zile siku sita za sunna. Tukamsifu tena. Kisha akawa anafunga Jumatatu na Alhamisi, na mwanamke mwenye siku za Ramadhani za kulipa analipa, kwa hiyo akawa analipa, na analipa, na analipa, na hakuna aliyemuuliza deni gani hilo lisilokwisha. Nani atamuuliza mtoto kwa nini anamcha Mungu? Kule kijijini Issa alikuwa akitembea kifua mbele. Mama wa jirani waliwaambia binti zao, mtazameni Zaituni.

Na futari ikija? Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kwetu sisi tunakula sinia moja. Wanawake na watoto mnazunguka, ugali katikati, mboga katikati, mikono inaingia na kutoka. Na hakuna utovu wa adabu mkubwa kama kumhesabia mwenzako matonge. Unakula ukitazama chakula au unatazama ukuta, humtazami mtu mdomo. Kwa hiyo likizo, nami nimekwenda Busi kusalimia, Zaituni alikuwa akikaa nasi, mkono wake unaingia, unamega kidogo, unafinyanga, unachovya, unamlisha mtoto aliye karibu. Alikuwa anakufa njaa katikati yetu, bega kwa bega, kwa adabu yetu wenyewe.

Siku alipozimia kisimani, ndipo Issa akamleta. Alimbeba kwenye basi la Kondoa mpaka Dodoma, na akaniambia kitu kilichomtisha kuliko vyote: "Dada, sikuchoka kumbeba."

Issa hakuja na binti tu. Kwenye paa la basi alikuwa na mbuzi. Dume, jekundu, lina hasira ya safari. Akalifunga kwenye nguzo ya hospitali akaja jikoni kwangu. "Dada, chinja huyu. Apewe supu, yenye mafuta hasa. Ashibe leo hii hii."

Nilikuwa nimeshatafuta kisu, nasema ukweli, maana kwetu aliyedhoofika anapewa supu ya mbuzi, na nani asiyejua hivyo. Matroni akatokea na daktari nyuma yake.

"Hakuna supu," akasema.

"Mama," Issa akamjibu kwa heshima, "shikamoo kwanza. Huyu mtoto ana njaa."

"Marahaba, baba. Ndiyo maana."

Daktari akaeleza taratibu, Kiswahili cha darasani lakini kinaeleweka: mwili uliokaa siku nyingi bila chakula umepunguza kila kitu, hata chumvi zake za ndani, na ukiujaza ghafla unashtuka, moyo unaweza kusimama mtu yupo katikati ya kula. Lazima dripu kwanza, damu ipimwe, chakula kiongezwe pole pole. Matroni yeye akaongeza kwamba utotoni mwake aliona watu wakitoka kwenye njaa kubwa, wakapata chakula cha msaada, wakala wakashiba, asubuhi wakachimbiwa. "Walikufa wameshiba," akasema. "Mama Jiko, uji mwepesi. Nusu kikombe. Halafu nusu nyingine baadaye."

Issa akakaa kwenye kizingiti cha jiko langu. Mtu amesafiri na mbuzi mzima, anaambiwa nusu kikombe.

Mbuzi mwenyewe alibaki pale nguzoni siku nyingi, akala maua yote ya Matroni yaliyokuwa mbele ya wodi. Matroni alimtukana kila asubuhi. Kisha nikamwona anamletea majani ya viazi kutoka kwake, ameyafunga kwenye kitambaa. "Ni ili aache maua yangu," akasema. Maua yalikuwa yamekwisha zamani. Mbuzi akarudi Busi juu ya basi lile lile, amenona kuliko sisi sote.

Zaituni aliposhika nguvu ya kukaa, ndipo Matroni alipofanya lile lililotugombanisha. Alileta sahani. Kila msichana sahani yake, ya bati, yenye ukingo wa bluu. Akawakalisha mezani, naye akakaa na sahani yake, na akawatazama midomoni. Waziwazi. Anatazama tonge linapomegwa, linapopanda, linapoingia, na koo linapomeza.

Issa aliposikia, alikuja juu. Kwetu mtu anayepewa sahani yake peke yake ni mgeni, au ni mwenye kifua kikuu.

"Umemtenga mwanangu," akamwambia Matroni pale mlangoni. "Na unamhesabia matonge. Mimi ni maskini, lakini nyumbani kwangu hakuna mtoto aliyehesabiwa matonge."

Matroni hakukasirika.

"Najua, baba," akasema. "Hakuna aliyemhesabia. Tazama alivyo."

Issa alitoka, akaenda kukaa kwenye benchi la nje, na nilipompelekea chai hakuinywa mpaka ikapoa. Mimi nilikuwa upande wake, msidhani. Nilimwambia Matroni kwamba watu wa kwetu watasema hospitali imemfundisha mtoto uchoyo. Akanijibu, "Waseme akiwa hai." Kisha akaonja mboga yangu kwa kidole.

Na kwa jambo moja lazima nimpe haki yake. Hakuwatazama wengine yeye mwenyewe bila kula. Kila walichokula alikula, ugali wa uwele, mlenda, maharage yangu yenye chumvi, uji wa saa nne, uji wa saa kumi. Gauni lake jeupe likambana mpaka fundi akaongeza vipande ubavuni. "Katika chumba hiki," alikuwa akisema, "aliyepona kuliko wote ni mimi."

Kuhusu mizani. Daktari alitaka wapimwe, Matroni alitaka wasijue. Basi akawa anawasimamisha wameipa mizani mgongo, yeye anasoma, uso mkavu kama ukuta. Zaituni, hodari wa hesabu, akapata njia. Alifunga kokoto kwenye pindo la kanga, akalifutika ndani kiunoni. Uzito ukapanda vizuri. Daktari akafurahi. Matroni akamshika Zaituni kiuno kama anamsaidia kushuka, akafungua pindo. Akazitoa kokoto akazipanga dirishani.

"Nzuri," akasema. "Za wapi hizi?"

"Za njiani, kwenye maua," Zaituni akajibu kwa sauti ndogo.

"Hizi nyeusi sijawahi kuziona. Ukipata nyingine niletee, lakini ukija kwenye mizani njoo mwenyewe."

Basi. Hakuna kelele, hakuna adhabu. Na mwanamke huyo huyo nimemwona akimfokea nesi mpaka analia, kwa sababu tu ya shuka lililokunjwa vibaya. Mtu hawezi kumuelewa.

Kule Busi mke wa Issa alikuwa akisali na kusubiri. Alipopata nafasi alikuja, akamkuta mwanawe amekaa kitandani, uso una damu kidogo. Akamkumbatia. Akasema lile ambalo kila mama wa nchi hii angesema, na kwa mapenzi yote: "Alhamdulillahi, mwanangu umenenepa. Mashavu yamerudi."

Zaituni akatabasamu. Uji wa saa kumi ukamwagwa kwenye bedipani, choo cha kitandani. Chakula cha jioni kikafinyangwa na kurudishwa. Tukarudi nyuma hatua kubwa, na mama yake hakujua amefanya nini. Alilia jikoni kwangu: "Wifi, nimesema neno gani baya?" Halikuwa baya. Ni salamu. Mtu akitoka safari humwambii hivyo?

Hapo Matroni akaanza kusimama mlangoni saa ya kuona wagonjwa, mikono nyuma, kama askari wa geti. Wageni wa chumba cha pembeni walifundishwa kabla ya kuingia.

"Ndani humu mtu hanenepi wala hakondi. Hayo maneno yaacheni hapa nje. Muulizeni amelalaje. Muulizeni habari za shule. Msifieni kanga yake."

Watu walishangaa. Mzee mmoja wa Chemba, aliyekuja kumwona mgonjwa wa kitanda kingine kabisa, akauliza, "Na mimi nikikutana na wewe, Matroni, nikusifie nini?"

"Kazi yangu," akasema.

"Basi umefanya kazi kweli kweli," mzee akasema, akilitazama lile gauni lenye vipande. Matroni akacheka mpaka akashika ukuta.

Baada ya kula kulikuwa na saa ya kukaa. Hakuna kwenda chooni, hakuna kutembea tembea. Hii ilikuwa kwa ajili ya Neema. Neema alikuwa binti wa karani mmoja wa serikali, mtoto wa mjini hasa, suruali za mitumba, nywele za dawa. Yeye alikuwa anakula vizuri tu mbele ya watu, kisha anakwenda kutapika, mpaka meno ya nyuma yalikuwa yameanza kuliwa. Alikuwa amekata picha za warembo kwenye magazeti akazibandika ndani ya mlango wa kabati lao. Zaituni alimwogopa mwanzoni, akidhani wagonjwa wa mjini wana ugonjwa wa mjini. Kumbe ni ule ule umevaa suruali.

Saa hiyo ya kukaa Matroni alicheza nao karata. Naapa, mwimbaji wa kwaya. Na alikuwa mwizi wa karata ambaye sijapata kuona mfano wake. Alificha chini ya paja, alichungulia, aliokota mbili akasema moja. Wasichana walikasirika mpaka wakasahau matumbo yao.

"Matroni, umeiba," Neema alimwambia.

"Una ushahidi?"

"Inaonekana chini ya gauni."

"Hiyo ni ya mgonjwa mwingine."

Ndipo nikasikia Zaituni akicheka, mara ya kwanza tangu aje, kicheko cha kukwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Nilikuwa nimebeba sufuria mlangoni. Nilisimama pale mpaka mikono ikaniuma.

Mazungumzo yalikuja saa hizo hizo, juu ya karata. Daktari alikuwa na saa yake ya kuongea nao mmoja mmoja, na ilisaidia, lakini mengi yalitoka pale. Siku moja Matroni alimuuliza Zaituni, huku anachanganya, kwa nini alianza. Zaituni akasema, "Nikifunga hakuna anayeniambia kitu. Kila kitu nyumbani wanasema wao, shule wanasema wao. Nikisema nimefunga, wote wananyamaza."

"Ni kitu kizuri kuwa nacho," Matroni akasema. "Tutakutafutia kingine. Cheza."

Kisha Ramadhani ikakaribia tena.

Hili ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi, na Matroni pia, maana nilimwona amekwenda mara mbili nyuma ya chumba cha kufulia siku moja. Zaituni alikuwa amefika pazuri. Anamaliza sahani. Anaomba daftari za hesabu. Lakini mwezi ukitajwa tu macho yake yanabadilika, yanapata mwanga fulani nisioupenda. "Nitafunga, Shangazi," akaniambia. "Nimeshaweka nia. Hata Matroni hawezi kunizuia dini yangu." Na daktari alikuwa amesema waziwazi: mwili ule ukianza tena kukaa bila chakula, hatumrudishi.

Matroni, Mkristo yule, akavaa kitenge juu ya gauni la kazi, akaenda mpaka kwenye msikiti wa karibu, akasimama nje akaomba kuitiwa mwalimu wa madrasa. Mwalimu yule alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za hina, anasikilizwa na mtaa mzima. Sijui walizungumza nini huko. Kesho yake alikuja wodini, akavuta kiti karibu na kitanda cha Zaituni.

"Mwalimu, shikamoo," Zaituni akasema. "Nataka kufunga."

"Marahaba. Wewe mgonjwa?"

Zaituni alikuwa hajawahi kulitamka hilo.

"Wanasema mgonjwa."

"Mimi sijauliza wanasemaje."

"Mgonjwa," akasema.

"Basi mgonjwa ameambiwa ale. Hajaambiwa na hospitali, ameambiwa na Aliyeifaradhisha funga yenyewe. Sasa wewe unataka kumzidi?" Akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa nafuta meza na masikio yangu hayajawahi kuwa mabaya. "Mimi nina sukari, mwanangu. Sifungi. Nasalisha watu tarawehe, natoa mawaidha ya Ramadhani, na mchana nakula nyumbani kwangu, mke wangu amefunga. Unadhani ni rahisi? Kufunga ningeona raha. Kula ndiko kunanishinda. Nakula kwa kuwa nimeamrishwa."

Nilidhani hapo tumemaliza. Lakini Issa alikuja siku moja kabla ya mwezi kuandama, amevaa kanzu, ana begi. Alikuja kumchukua binti yake akae na wenzake mwezi mtukufu. Hakusema afunge, alisema akae tu nyumbani. Lakini nyumba ambayo wote wamefunga, nani atampikia mchana? Nani atakaa amtazame mdomo?

"Tutaona," Matroni akaanza, na kwa mara ya kwanza hakumalizia. Akasema, "Muulize mwenyewe, baba. Kitanda ni chake."

Issa akamgeukia binti yake. Nilimwona Zaituni anashika ukingo wa shuka, anaukunja, anaukunjua. Alikuwa anatazama lile begi. Ndani yake kulikuwa na nyumbani, na sifa, na mama wa jirani wakisema mtazameni Zaituni.

"Baba," akasema, "nikienda sitakula. Najijua mwenyewe. Nibakishe."

Kwa hiyo mchana wa kwanza wa Ramadhani, jua kali, Issa alikuwa bado yupo, hakupata basi au hakutaka kulipata, sijui. Amefunga. Midomo mikavu. Nikaleta sahani za chumba cha pembeni. Nilitaka kufunga mapazia, maana kula mchana wa Ramadhani ni jambo la kujificha hata kwa mwenye ruhusa. Matroni akasema, "Acha wazi. Anakunywa dawa yake, haibi."

Zaituni akaitazama sahani. Akamtazama baba yake. Mkono haukutoka pajani. Hata Neema aliacha kutafuna.

Issa aligeukia ukuta, kwa adabu yetu, kumpa nafasi mtoto. Alikaa hivyo. Kisha nikamwona anageuka tena, kiti kinalia sakafuni, anakisogeza mpaka mezani, anamtazama binti yake mdomoni, waziwazi, kama Matroni.

"Mega, mama," akamwambia.

Akamega. Akachovya. Machozi yanamtoka, akatia mdomoni.

"Lingine," Issa akasema.

Akamega lingine. Na kila akimeza baba yake anasema lingine, sauti ya chini, koo lake mwenyewe limekauka, mpaka ukingo wa bluu ukaonekana pande zote. Matroni alikuwa amesimama karibu na dirisha, sahani yake imepoa. Ndiyo siku pekee niliyomwona hajamaliza.

Zaituni alitoka baada ya Idi. Alirudi mara moja tena, mwaka uliofuata, kwa muda mfupi, alikuja mwenyewe kwa basi akasema, "Imeanza kunijia." Neema naye alitoka, nikasikia wamehamia Mwanza na ameanza kazi benki. Siwezi kusema ugonjwa ule unang'olewa kama jino. Hata sasa Zaituni ni mwalimu wa hesabu, ana mume, ana mtoto wa kiume anayepanda juu ya kila kitu, na bado kuna miezi unamkuta kimya. Miezi hiyo yeye huja kwangu bila kualikwa, anaweka begi, anasema, "Shangazi, kaa nami mezani." Nakaa. Namtazama mdomoni.

Matroni alistaafu, akajenga Ipagala. Mimi nami nikaacha jiko, goti lilikataa. Hatukuonana miaka mingi, ndivyo watu wa mji mmoja walivyo. Kisha likizo moja Zaituni akaja kunisalimia akasema anataka kumwona, amshukuru, mtoto amshike mkono. Tukaenda. Goti langu tukaliburuza.

Tulimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anapukuchua kunde. Amekuwa mdogo. Macho yameingia ukungu, lakini mikono ile ile, haraka.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Nani huyo mwenye sauti ya chumvi?"

Tukacheka, nikakaa. Nikasema nimemleta mtu. Zaituni akapiga goti, akamshika mkono, akataja jina lake na la baba yake.

Matroni akamvuta karibu, akamtazama uso kwa macho yale ya ukungu. Akamtazama sana. Akatikisa kichwa.

"Sikukumbuki, mwanangu."

Nikaanza kumtajia hili na lile, yule wa Busi, yule ambaye baba yake, mwaka ule ambao. Anaitikia kwa adabu, lakini niliona hakuna kitu. Nikaona aibu kwa niaba ya Zaituni. Amesafiri, amenunua zawadi, amemvalisha mtoto shati jipya.

Matroni akaweka ungo wa kunde chini.

"Usinione vibaya," akamwambia. "Wapo wasichana wa chumba kile ninawaona mpaka leo, mmoja mmoja, hata nikifumba macho. Mmoja alikuwa na mwanya. Mmoja aliogopa mende. Mmoja alikuwa anasuka nywele za kila nesi aliyekaa karibu naye. Naijua mikono yao, nazijua sauti zao. Wote hao niliwafumba macho mwenyewe." Akashusha pumzi. "Ninyi mliotoka kwa miguu yenu, mliondoka na nyuso zenu. Sikubaki nazo."

Zaituni alibaki pale chini, ameshika mkono ule. Mtoto alikuwa ameshapanda juu ya matofali ya jirani. Kisha nikaona mabega ya Zaituni yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Basi usinikumbuke, Matroni," akasema.

"Sitakukumbuka."

"Hata mwakani nikija."

"Njoo. Nitakuuliza wewe nani."

Alitupa kunde za kwenda nazo, akakataa kusindikizwa mpaka mlangoni. Tulipotoka barabarani Zaituni alimshusha mwanawe kwenye matofali, wakaanza kukimbizana kuelekea kituoni, viatu mkononi, vumbi linapanda. Nilitaka kumwita aningoje. Nikaacha. Nilipunguza mwendo, nikawatazama wakienda.